Darasani Upo, Kwenye Mfumo Haupo

Wiki ya kuripoti, wazazi wa Kitui na Makueni huniuliza kuhusu hosteli, chakula na marafiki wabaya. Miaka minne baadaye watoto wao hao hao hurudi ofisini na swali jingine kabisa: kwa nini jina langu halimo kwenye orodha ya mahafali? Ukifukua, mara nyingi kisa kinaanzia wiki za mwanzo za muhula wa kwanza. Mwanafunzi alihudhuria kila kipindi, akaandika noti, hata akachekesha darasa, lakini uniti yenyewe hakuwa ameisajili. Darasani alikuwepo, kwenye mfumo hakuwepo. Na chuo kikuu cha umma huamini mfumo.

Shule ya sekondari ilikulea kwa njia nyingine. Ulikuwa na mwalimu wa darasa aliyejua jina lako na kijiji chenu, na ukikosa siku mbili habari zilifika nyumbani kabla yako. Chuoni mhadhiri wa uniti ya pamoja anaweza kuwa na wanafunzi mia tatu ukumbini, naye hatajua ulikuja saa ngapi wala uliondoka lini. Badala ya mwalimu wa darasa kuna mnyororo wa kumbukumbu: barua, namba, risiti, sahihi, kila moja ikifungua inayofuata. Maswali mengi ya wanafunzi wapya, hata yale yanayoonekana kuwa ya chakula na malazi, ukiyafuata yanaishia kwenye mnyororo huo.

Tuanze na mahali penyewe, kwa sababu kila mwaka kuna anayepotea kabla hajafika. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ambacho kila mtu hukiita SEKU, kilitokana na taasisi ya kilimo ya Ukambani, UKAI. Mwaka 2008 taasisi hiyo ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi kwa jina la SEUCO, na tarehe 1 Machi 2013 ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Makao yake makuu hayako Kitui mjini. Yako Kwa Vonza, upande wa njia itokayo Machakos kupitia Masii na Wamunyu, na ukishuka pale sokoni barabarani bado una safari ya kuingia ndani. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kina kampasi huko huko Kwa Vonza. Ukimwambia mtu wa bodaboda akupeleke “chuoni” bila kutaja kipi, umempa kazi ya kubahatisha, na nauli ya kurudi ni yako.

SEKU pia imekuwa ikifundisha Kitui mjini, Mwingi, na Wote, makao ya Kaunti ya Makueni. Kijana wa Kathonzweni akiona jina la chuo hudhani atakuwa Wote, akitokea nyumbani kila asubuhi, kumbe amepangiwa Kwa Vonza. Barua yako ya kujiunga inataja kampasi. Isome mpaka mstari wa mwisho kabla hujalipa kodi ya nyumba popote, kisha panga safari ili ufike mchana. Jioni magari ya kuingia ndani hupungua, na mgeni mwenye godoro kichwani hana nguvu ya kujadili bei.

Barua hiyo hupakuliwa mtandaoni baada ya KUCCPS kukupanga. KUCCPS ndiyo iliyochukua kazi ya bodi ya zamani, JAB, baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, na kazi yake ni kugawa nafasi. Inapokupa nafasi haijakufanya mwanafunzi. Unakuwa mwanafunzi ukishaikubali, ukaripoti, vyeti vyako vikakaguliwa na ukapewa namba ya usajili. Kwa ukaguzi huo utatakiwa kuwa na matokeo ya KCSE, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho kama unacho, picha za pasipoti na fomu ya afya iliyojazwa na daktari na kupigwa muhuri. Fomu ya afya ndiyo huwachelewesha watu, kwa kuwa wengi huikumbuka siku moja kabla ya safari. Ipeleke hospitali ya serikali iliyo karibu nawe wiki mbili mapema.

Kuna jambo la kuangalia mapema zaidi ya hilo, nalo ni jina. Kwenye cheti cha kuzaliwa umeandikwa Mwikali Mutua, kwenye KCSE ni Faith Mwikali, kwenye kitambulisho limeongezwa jina la babu. Nyumbani hilo halimsumbui mtu. Kwenye mfumo, hao wanaweza kuwa watu watatu, na pesa za mmoja hazitaingia kwenye akaunti ya mwingine. Kama majina yanatofautiana, tafuta hati ya kiapo au urekebishe cheti kabla ya kuripoti, na tangu hapo tumia mpangilio mmoja wa majina kila mahali, ikiwemo laini ya simu. Laini isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe. Wanaotumia laini ya mjomba hugundua kosa siku pesa zinapotumwa.

Na hizo pesa ndizo zenye uvumi mwingi kuliko kitu kingine chochote chuoni. Mzazi aliyesomesha mtoto wake wa kwanza kabla ya 2023 anakumbuka ada ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na kwa kumbukumbu hiyo humtuma mtoto wa tatu na pesa zisizotosha. Mambo yalibadilika Mei 2023, serikali ilipotangaza utaratibu mpya. Kila kozi sasa ina gharama yake kamili, na gharama hiyo hugawanywa sehemu tatu. Ya kwanza ni ufadhili usiorudishwa, unaopitia Mfuko wa Vyuo Vikuu. Ya pili ni mkopo wa karo kutoka HELB, bodi ya mikopo iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Ya tatu hubebwa na familia. Uwiano hutegemea bendi unayopangiwa baada ya uwezo wa nyumbani kupimwa. Katika mpangilio wa bendi tano, bendi ya kwanza, ya familia zenye mapato madogo kabisa, hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikilipa 5. Bendi ya tatu ni 50, 30 na 20. Bendi ya tano ni 30, 30 na 40. Juu ya hayo kuna mkopo wa matumizi, kuanzia shilingi 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza hadi 40,000 kwa ya tano.

Utaratibu huu umepitia misukosuko. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba, serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikasitisha utekelezaji wa uamuzi huo. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kupunguzwa kwa ada. Kwa hiyo hesabu za binamu yako aliyeingia miaka miwili kabla yako ziache kwake. Zinazokuhusu ni zile zilizo katika akaunti yako ya HEF, tovuti ya kuombea ufadhili na mkopo, na katika jedwali la karo la kozi yako kwa mwaka wako.

Chukua mfano wa kozi yenye gharama ya shilingi 200,000 kwa mwaka na mwanafunzi wa bendi ya tatu. Ufadhili ni 100,000, mkopo wa karo ni 60,000, na nyumbani wanadaiwa 40,000, yaani 20,000 kila muhula. Mkopo wake wa matumizi ni 50,000, hivyo 25,000 kwa muhula. Gawanya kwa miezi minne upate 6,250 kwa mwezi, za kula, nauli, bando, kuchapisha kazi, na kodi kama anaishi nje. Deni nalo? Mikopo miwili kwa pamoja ni 110,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 440,000, kabla ya riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Marejesho yanatakiwa kuanza ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekaa kimya hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Nimewaona vijana wanaoita pesa hizo “za serikali” na kuzimaliza kwenye kamari ya simu ndani ya wikendi moja. Mdaiwa ni wao, kwa majina yao kamili.

Hapo kuna mambo matatu ambayo wageni huyachanganya. Kwanza, kupangwa na KUCCPS hakukuombei mkopo wala ufadhili. Ni maombi mengine, kwenye tovuti nyingine, yenye tarehe yake ya mwisho, na asiyeomba huhesabiwa kuwa anajilipia yote. Pili, ufadhili na mkopo wa karo huenda moja kwa moja chuoni. Zinazokufikia wewe ni za matumizi peke yake. Tatu, na hili ndilo linaloumiza, bendi ni ahadi. Ahadi hiyo inaweza kuonekana kwenye simu yako mwezi Agosti na pesa zenyewe zikafika muhula ukiwa umeshapiga hatua. Ushauri wangu hauwafurahishi wazazi, lakini sijaona mwingine unaofanya kazi: panga bajeti ya muhula wa kwanza kama vile pesa za HELB zitafika mwisho wa muhula. Anza na sehemu ya familia na matumizi ya miezi miwili mkononi. Kama ng'ombe atauzwa, auzwe kabla ya kiangazi kumkondesha, maana Septemba na mapema Oktoba, kabla ya mvua za vuli, bei ya mnyama Ukambani haimpendelei muuzaji.

Ukiona bendi haifanani na hali ya kwenu, kuna njia ya kukata rufaa, na inahitaji ushahidi. Mfumo hauoni mlango wa nyumba yenu. Unaona majibu uliyojaza. Mwanafunzi aliyesomeshwa na mfadhili katika shule ya bei ghali huonekana kama mtoto wa tajiri mpaka aambatishe barua ya mfadhili. Yatima anahitaji cheti cha kifo cha mzazi, na familia nyingi za mashambani hazikuwahi kukichukua. Kianzeni mapema. Mkopo nao huombwa upya kila mwaka wa masomo, hatua ambayo wanafunzi wa mwaka wa pili huisahau kwa kudhani kwamba waliokubaliwa mara moja wamekubaliwa moja kwa moja.

Basari, iwe ya kaunti au ya mfuko wa eneo bunge, NG-CDF, ina mantiki yake. Fomu yake huuliza namba ya usajili na salio la karo, na mara nyingi hutaka muhuri wa chuo. Maana yake huwezi kuijaza vizuri kabla ya kuripoti, ingawa dirisha la maombi linaweza kufungwa ukiwa bado unatafuta bweni. Mtu wa nyumbani afuatilie tangazo, wewe umtumie karatasi. Hundi ikitoka huandikwa kwa jina la chuo, nayo ni lazima ifike ofisi ya fedha ikiwa na orodha ya majina na namba za usajili. Hundi isiyo na namba hukaa kwenye akaunti ya chuo bila mwenyewe. Karo yoyote mnayolipa wenyewe ipitie benki au namba ya malipo iliyo kwenye barua. Mtu yeyote anayekuomba pesa taslimu akusaidie “kuharakisha” usajili ni tapeli, hata akiwa amevaa beji.

Ukishapata namba ya usajili, kazi ya kitaaluma inaanza na jambo dogo kwenye potali: kusajili uniti. Kila muhula, ndani ya wiki za mwanzo, unatakiwa kuchagua uniti za kozi yako, na kwa kawaida mfumo hukuruhusu ukiwa umelipa kiwango fulani cha karo. Hapa ndipo pesa na masomo hukutana. Uniti ulizosajili ndizo zinazoonekana kwenye kadi yako ya mtihani. Kadi ndiyo inayokuingiza ukumbini. Na jina lako kwenye orodha ya ukumbi ndilo linalomwezesha mhadhiri kuingiza alama. Ukiikosa hatua ya kwanza, unaweza kufanya mtihani kwa huruma ya msimamizi, ukapata alama nzuri, na alama hizo zikakosa pa kuwekwa. Baada ya kusajili, chapisha ukurasa ule au upige picha ya skrini inayoonyesha tarehe. Hakikisha pia kwamba msimbo wa kila uniti unalingana na ule wa mwaka na kozi yako, kwa maana vyuo hubadilisha mitaala na uniti mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa na misimbo tofauti.

Alama zenyewe hukusanywa kidogo kidogo. Katika vyuo vingi vya umma nchini, CAT, yaani majaribio ya katikati ya muhula, na kazi za nyumbani huchukua asilimia 30 na mtihani wa mwisho 70. Pasi ni 40, na A huanzia 70. Mwanafunzi aliyezoea KCSE, ambapo siku chache za mwisho ziliamua karibu kila kitu, huzidharau zile 30. Afanye hesabu: asiyefanya CAT hata moja anahitaji 40 kati ya 70 ili apite tu, yaani zaidi ya nusu ya mtihani mzima. Mahudhurio pia yana sheria, mara nyingi theluthi mbili ya vipindi, na siku mhadhiri mkali anapoamua kuitumia hakuna anayeweza kumlaumu.

Alama husafiri kutoka kwa mhadhiri hadi idarani, kisha kwenye bodi ya watahini, hatimaye kwa Seneti ambayo huzipitisha. Kabla ya hapo ni za muda. Katika safari hiyo ndefu, alama hukosekana: karatasi imeingia kwenye bahasha ya kundi jingine, tarakimu moja ya namba yako ilikosewa, mhadhiri wa muda aliondoka bila kukabidhi CAT. Sijui chuo cha umma kisicho na tatizo hili. Kinachokuokoa ni sahihi yako kwenye orodha ya mahudhurio ya mtihani, pamoja na karatasi za CAT ulizorudishiwa zikiwa zimesahihishwa. Zihifadhi mpaka siku ya mahafali, kwenye faili moja, mbali na sufuria. Matokeo yakitoka na pengo, andika barua kwa mwenyekiti wa idara wiki hiyo hiyo, utaje uniti, tarehe ya mtihani na ukumbi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mhadhiri bado yupo na bahasha bado iko kabatini. Miaka mitatu baadaye utakuwa unamtafuta mtu aliyehamia chuo kingine.

Ukianguka uniti utafanya sapu, yaani mtihani wa kurudia, na dunia haitaisha. Ukikosa mtihani kwa ugonjwa au msiba, omba mtihani maalumu ukiwa na karatasi ya daktari au barua ya chifu. Ukikaa kimya, mfumo hauwezi kutofautisha mgonjwa na mtoro.

Nimesema wazazi huuliza kwanza habari za hosteli, na ni haki yao. Vyumba vya ndani ya chuo ni vya bei nafuu kuliko vya nje na huombwa mtandaoni. Hupewa anayewahi na kulipa, na kwa kawaida wa mwaka wa kwanza hufikiriwa mbele. Ikikubidi kukodi nje, swali la kwanza Kwa Vonza au Wote liwe la maji, kodi baadaye. Eneo hili lote ni kame. Mvua kubwa zinazotegemewa ni za Oktoba hadi Desemba. Zile za Machi hadi Mei huja na kuondoka zinavyotaka. Muulize mwenye nyumba mfereji hutoa maji siku gani, tangi ni la lita ngapi na linagawanywa na vyumba vingapi, na likiisha mtungi wa lita ishirini huuzwa shilingi ngapi. Kisha, na hili ni muhimu kuliko majibu yake, waulize wapangaji. Bedsita ya bei rahisi isiyo na maji hugeuka kuwa ya bei ghali ifikapo Septemba. Uliza pia kama tokeni za stima ni zako au mnachanga, na kama kodi hulipwa miezi ya likizo. Makubaliano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, na malipo yapitie simu ili yaache ushahidi. Kaeni wawili mwaka wa kwanza, kama mnaweza kuvumiliana.

Vitu vya kubeba ni vichache: ndoo mbili zenye vifuniko, mtungi, tochi, blanketi la Julai ambalo watu wa pwani hudhani hawatalihitaji, na viatu vinavyofunika vidole. Viatu na tochi ni kwa ajili ya nyoka. Kitui na Makueni kuna nyoka wa kutosha, na moma hulala njiani jioni bila kuhama mtu anapopita. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza; mguu utulizwe na apelekwe hospitali haraka, mkipiga simu kwanza kuuliza ni wapi penye dawa ya sumu.

Kwa magonjwa ya kawaida kuna zahanati ya chuo. Zaidi ya hapo utahitaji kuwa umesajiliwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Mwanafunzi asiye na kipato, ambaye hajafikisha miaka 25 na bado anamtegemea mzazi, anaweza kuwa chini ya mchango wa mzazi, ila mzazi awe amemwandikisha kama mtegemezi wake na awe analipa. Hakikisheni kabla ya safari.

Chakula hakina mafumbo. Mkahawa wa chuo hulisha kwa bei nafuu kuliko vibanda, na anayetoka Ukambani akibeba debe la muthokoi na kilo chache za ndengu kutoka nyumbani amejilipia mwezi mzima. Laptopu inaweza kusubiri muhula wa pili kwa kozi nyingi. Usiinunue kwa sehemu ya familia ya karo. Maktaba ina kompyuta, na ofisi ya fedha haipokei laptopu.

Swali la kozi huja wiki ya pili, machozi yakiwa karibu: nimepelekwa kozi nisiyoitaka, nifanyeje? Kuna milango miwili. KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho mara moja baada ya kupanga wanafunzi, la kuhama chuo au kozi, na utakubaliwa tu kama pointi zako za kundi la masomo zilifikia kiwango cha mwisho cha kozi unayoitaka kwa mwaka huo. Mlango mwingine ni wa kuhama kitivo ndani ya chuo, wiki za mwanzo, kwa idhini ya vitivo vyote viwili. Milango yote hufungwa mapema, na wakati unasubiri jibu endelea kusoma na kusajili uniti za kozi uliyo nayo. Napenda kuwakumbusha vijana wa huku wanaodharau kozi za kilimo cha nyanda kame na maji kwamba kaunti hizi mbili zinaishi kwa ndengu, maembe, mifugo na mabwawa ya mchanga, na kazi za nyanja hizo hazijapata watu wa kutosha. Wengi hawanisikilizi.

Kalenda utakayopewa siku ya kwanza ichukue kama makadirio. Mwaka 2025 mgomo wa wahadhiri ulianza katikati ya Septemba, wageni wakiwa hata hawajajua maktaba iko wapi, na haukuisha mpaka mapema Novemba. Kodi ya nyumba iliendelea kudaiwa muda wote huo. Mgomo ukitokea, usiondoke kabla ya kuuliza idarani kama usajili wa uniti umesogezwa. Potali haigomi, na tarehe yake ya mwisho inaweza kupita ukiwa nyumbani. Acha pia namba ya mwenzako anayebaki karibu, kwa sababu masomo yakirudi hurudi ghafla na CAT za wiki saba hufidiwa ndani ya wiki tatu.

Linabaki swali ambalo halipendwi na yeyote, la mwanafunzi ambaye karo imeshindikana kabisa, au mama ameugua na hakuna mwingine wa kumtunza. Wengi hufunga begi usiku wakaondoka kimya, kwa aibu. Chuoni wanabaki kwenye orodha: uniti zinahesabiwa kuwa zimefeliwa, ada ya muhula inaendelea kudaiwa, na baada ya muda majina yao hupelekwa kwenye kikao cha kuwafuta. Barua ya ukurasa mmoja ya kuahirisha masomo, ikipitia kwa mwenyekiti wa idara na mkuu wa kitivo hadi kwa msajili, huzuia yote hayo. Iandike kabla ya mitihani, eleza sababu, taja muhula unaotarajia kurudi, na ambatisha ushahidi. Nenda pia kwa mlezi wa wanafunzi, kwa kuwa ofisi yake mara nyingine ina kazi za vibarua au mfuko mdogo wa dharura ambao hautangazwi ubaoni. Waarifu HELB ili mkopo wa muhula huo usitumwe chuoni na kukusubiri kama deni. Ukipewa jibu la kukubaliwa, lihifadhi pamoja na barua ya kwanza kabisa ya kujiunga, kwa sababu siku ya kurudi utaulizwa zote mbili, na utaendelea na namba yako ile ile.